Mwanga Haukuwaka

Alkhamisi, 25 Machi 1993

Himid ameniharibia Idi. Nimempikia biriani, nimemtandikia mkeka, na yeye kaka yangu wa pekee hata mkono hajaosha, anaanza: "Bahiya, nimeiona!" Nikadhani amepata mchumba, maana mwanamme wa miaka arubaini akiingia na macho yale huwa pana mchumba. Kumbe lenzi. Daktari mmoja mgeni anayekaa kwenye maghorofa ya Michenzani anarudi kwao na anauza vitu vyake vyote: friji, baiskeli, na lenzi ya moja nukta mbili. Himid aliitamka hiyo moja nukta mbili kwa sauti ya chini, kama tuko msikitini.

Lenzi ya namna hiyo ina jicho pana mno, hata chumbani jioni inaona bila ya flashi. Nimeisoma kwenye magazeti ya Himid, sijapata kuishika. Nikamwambia ale kwanza. Hakula vizuri, na mimi vile vile.

Masika yameanza mapema mwaka huu.

Jumamosi, 27 Machi

"Twende tukaiangalie tu," alisema Himid. Mtu anayekwenda kuangalia tu havai shati lake la Idi.

Daktari aliitoa kwenye soksi ya sufu. Nzito kama jiwe la mizani, na kioo chake cha mbele ukikigeuza huku zambarau, ukikigeuza huku kijani. Yule bwana hakutuficha kitu. Alisema kwa Kiswahili chake cha hospitali: "Nzuri sana, lakini haisikii. Ukifungua tundu lote, inashika mahali pembamba kama karatasi. Na mara nyingine si pale ulipolenga." Himid, ambaye hajaoa hata mke mmoja, akamjibu kuwa kizuri lazima kiwe na kiburi chake. Nilimkanyaga mguu.

Kisha nikaitia kwenye kamera yangu, nikamlenga Himid pale dirishani. Maghorofa, nguo zilizoanikwa, mawingu, vyote viliyeyuka, zikabaki kope za kaka yangu. Sura ninayoiona kila siku, nilikuwa sijapata kuiona hivyo. Nilipoondoa kamera jichoni, chumba kizima kilikuwa kimechujuka.

Daktari katwambia ukweli wote na hatukusikia hata neno moja.

Jumapili, 28 Machi

Tumeinunua. Himid ametoa Vespa yake, mimi bangili ya dhahabu ya marehemu mama. Mama akifufuka leo atanitafuta na mwiko mkononi.

Jumatatu, 29 Machi

Nimeamshwa na sauti za watoto wa chuo kama kawaida. Bi Mwanamwema anakaa chini yangu, na chuo chake cha Kurani kimo sebuleni mwake. Kanisomesha mimi, kamsomesha Himid, kasomesha nusu ya mtaa huu, na viganja vyetu bado vinaukumbuka ufito wake. Mumewe, Mzee Mkadam, amefariki katikati ya Ramadhani, kwa hiyo Bi Mwanamwema yumo edani. Watoto wanaingia, yeye hatoki, mpaka itimie miezi minne na siku kumi.

Nilishuka na sahani ya vileja.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapa. Harusi ya Basma ndo imeshika, hawakukubali kungoja."

Basma ni binti yake wa pekee. Anaolewa na Azzan, anayefanya kazi Maskati na likizo yake fupi. Mama yake Azzan, Bi Ummkulthum, ni watu wa nyumba kubwa ya Malindi, na tangu mwanzo hawakupenda kumwoza Azzan mtoto wa mwalimu wa chuo aliyetoka Makunduchi. Wakaambiwa kuna msiba, wakasema basi ifanyike nyumba nyengine. Itakuwa kwa shangazi yake Basma, uchochoro wa nyuma. Mama mtu atabaki hapa, aisikilize harusi ya mwanawe kupitia ukutani.

"Utampiga picha vizuri Basma wangu?"

"Ntampiga vizuri, Bi."

"Akishaondoka Maskati, sijui tena mie." Halafu akacheka kidogo. "Na wewe na umeme wako ule! Harusi zote n'nazokwenda, nikiuona tu najua kujifunika."

Ni kweli, na ndiyo sheria yangu. Kwenye shughuli za wanawake, kabla ya kupiga nasema kwa sauti, "Mwanga!" na flashi nnaiinua juu waione. Asiyetaka sura yake itoke anajitupia kanga, mwengine anapiga kelele, "Usintie mie, we Bahiya!" Filamu nazisafisha mwenyewe, nyeusi na nyeupe, katika choo changu kisicho na dirisha. Picha za rangi wazipeleke huko madukani wakasafishiwe na wanaume. Za kwangu hazioni jicho la mwanamme, hata la Himid. Ndiyo maana majumba yananiita.

Ijumaa, 2 Aprili

Tumekwenda msitu wa Jozani kuijaribu lenzi kwa kima punju, wale wekundu. Ametupeleka Mudrik kwa gari lake, rafiki wa Himid anayeuza vipuri Mwanakwerekwe na mgonjwa wa kamera kama sisi. Ndiye kaka yake Azzan, mwana mkubwa wa Bi Ummkulthum. Njia nzima alitucheka: watu wazima wawili wametoa Vespa na dhahabu kwa kipande cha kioo!

Jumamosi, 3 Aprili

Nimesafisha za jana. Nimelenga pua ya kima, imeshika jani lililo nyuma ya sikio lake. Mara ya pili hivyo hivyo. Inakwenda nyuma kila mara, kama punda asiyetaka kutoka zizini. Lakini lile jani! Sijapata kuona jani zuri vile.

Jumanne, 6 Aprili

Mvua. Nimeizika lenzi ndani ya bati la mchele isishikwe na ukungu. Himid kaenda kazini bandarini kwa miguu, karudi kama kuku aliyechovywa.

Alkhamisi, 8 Aprili

Harusi ya Basma leo.

Tulikuwa tumejaa ukumbini kwa shangazi yake tangu alasiri, mvua inapiga mabati, na umeme ukakatika kabla bibi harusi hajatolewa. Wakawasha kandili mbili na milango ya nyuma ikaachwa wazi ili upite mwanga wa uani. Basma akatolewa. Nguo ya kijani, hina mpaka kwenye viwiko, macho chini. Vigelegele vikapanda. Mwanga ule mdogo ulimpiga upande mmoja wa uso, na mimi nikasahau mambo yote.

Flashi ilikuwamo mkobani na betri zake mpya. Nnaandika hivi ili nisije kujidanganya baadaye. Niliiacha humo humo. Nilisema moyoni, flashi itaua uzuri huu wote, na lenzi hii imeumbwa kwa saa kama hii. Sikusema "Mwanga!" wala sikuinua kitu. Nilipiga tu, na kelele za ngoma zilimeza mlio wa kamera.

Hakuna aliyejifunika. Waliniona na kamera lakini walidhani nangoja umeme urudi. Walicheza, walilia, walikula, mmoja alimnong'oneza mwenziwe jambo wakaanguka kwa kicheko. Miaka yote nimepiga wanawake waliokwishajiandaa kupigwa. Leo nimewaona wenyewe. Nilirudi nyumbani nimelowa na nimefurahi, niseme kweli.

Jumapili, 11 Aprili

Nimeingia chumba cha giza baada ya adhuhuri.

Picha nyingi za Basma hazikushika vizuri. Shavu limeshika, jicho limekwenda. Jicho limeshika, la pili limekwenda. Nilianza kumtukana daktari. Halafu nikaitia kwenye dawa karatasi ya mwisho, ile niliyompiga Basma alipokuwa ameinua uso kidogo. Karatasi ikaanza kuiva. Basma akatoka ukungu mtupu, doa jeupe lenye hina. Na nyuma yake, mlangoni kwa uani, uso mmoja ukaanza kupanda katika maji, nywele moja moja, mkunjo mmoja mmoja wa jicho. Uso wa mtu mzima, kajitanda buibui ambalo si lake, ng'ambo ya umati, anamtazama bibi harusi.

Bi Mwanamwema.

Nilikaa juu ya ndoo. Kumbe alitoka. Alivuka uchochoro katika mvua, akasimama mlangoni, akamwona mwanawe, akarudi. Mwanamke aliyewafundisha wanawake wa mtaa huu wote masharti ya eda! Ameng'ata ncha ya kanga, na analia na kucheka kwa pamoja, kama watoto wafanyavyo. Mimi huyu nimemwogopa maisha yangu yote. Sikujua kuwa ana uso huo.

Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizopata kupiga.

Nilichukua mkasi nikate ile negativu. Nikauweka chini. Nikasema nitakata kesho.

Jumatatu, 12 Aprili

Sikukata.

Jumatano, 14 Aprili

Nimempelekea Basma albamu yake, bila ya picha ile. Kahamia kwa Bi Ummkulthum mpaka safari. Kaniuliza, "Mama hajambo?" Nikamwambia hajambo. Niliporudi Bi Mwanamwema naye akaniita toka mlangoni mwake, "Basma hajambo?" Nikajibu hivyo hivyo, na macho sikuyanyanyua.

Ijumaa, 16 Aprili

Tumegombana mimi na Himid. Kaja na viatu vimeoza kwa maji, kaziangalia picha zake za milango na picha za kima, na hakuna hata moja iliyoshika pale alipotaka. "Tumeibiwa, Bahiya. Mudrik anasema kweli, tumenunua chupa." Anataka Vespa yake. Daktari keshapanda ndege.

Niliudhika. Si kwa ajili ya Vespa. Niliudhika kwa sababu mimi najua lenzi ile inaweza nini na hakuna mtu mwengine ajuaye. Nikaenda chumbani nikaitoa picha chini ya godoro, nikamwekea mbele.

"Na hii nayo chupa?"

Aliinama mpaka pua ikaribie kugusa karatasi. "Huyu si Bi Mwanamwema?"

"Hukuona kitu."

"Bahiya, lakini huyu—"

"Hukuona kitu, Himid! Apa."

Kaapa. Ndiye mwanamme wa kwanza kuona picha ya wanawake niliyoipiga mimi, na nimemwonesha kwa mkono wangu ili nishinde ugomvi.

Jumamosi, 17 Aprili

Mvua. Plasta ya ukuta wa jikoni imeanguka.

Jumanne, 20 Aprili

Picha haipo chini ya godoro.

Himid alikiri kabla sijamaliza kuuliza. Aliiazima, anasema, kwa siku moja tu. Hakumwonesha mtu ila Mudrik, ili ajue kuwa lenzi si mbovu. "Mudrik kashangaa, Bahiya! Kasema hajapata kuona kitu kile."

"Mudrik ni nani kwa Azzan?"

Nilimwona akianza kufahamu. Uso ulimshuka pole pole.

"Na Kurani Mudrik kasomeshwa na nani?"

Nikamuuliza, picha iko wapi? Mudrik kaomba abaki nayo kidogo, aitazame vizuri.

Alkhamisi, 22 Aprili

Bi Ummkulthum alikuja mwenyewe asubuhi, na mwanamke wa miaka yake hapandi ngazi zangu kwa kuamkiana tu. Hakukaa. Alitoa picha ndani ya mkoba.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba. Kazi yako hii?"

"Naam."

"Mume hajatimiza hata mwezi kaburini, siku ile. Kaja kusimama kwenye harusi ya mwanangu na eda yake. Mwalimu! Anayewafundisha wenetu halali na haramu." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Ndoa ya mwanangu imeingiliwa na nuksi tangu siku ya kwanza, na sisi tunakula pilau hatujui. Kama si wewe, tusingelijua. Nnakushukuru."

Shukurani ile ilinichoma kuliko tusi. Nilimwambia ni kosa langu, kwamba sikuwasha flashi, kwamba mama yeyote angelikwenda. Nilimwomba anirejeshee picha. Akasema picha bado ina kazi, na akataka negativu asije mtu akatoa nyengine za kuwaaibisha wageni wake. Nikampa. Kaitupa ndani ya makaa ya seredani yangu. Iliungua kwa harufu mbaya na ikaisha kabla ya chai kuchemka.

Picha kaondoka nayo. Mpaka adhuhuri ilikuwa imeshaingia nyumba zote za uchochoro huu, kwa wanawake na kwa wanaume.

Jumamosi, 24 Aprili

Sauti za chuo leo chache. Nikadhani mvua.

Jumatatu, 26 Aprili

Si mvua. Nimewaona kwa dirisha, watoto wamefunikwa magunia vichwani, misahafu kifuani, wanapita mlango wake wanakwenda kwa mwalimu mwengine.

Ijumaa, 30 Aprili

Azzan kapanda ndege peke yake. Tiketi ya Basma, wanasema, itafuata.

Jumanne, 4 Mei

Chini wamebaki watoto wawili, wa yule muuza mkaa. Bi Mwanamwema anawaitikisha kwa sauti ile ile kama kwamba chumba kimejaa.

Alkhamisi, 6 Mei

Himid kagonga, sikufungua. Alisema nyuma ya mlango kuwa kamwendea Mudrik na wametukanana sokoni. Inasaidia nini?

Jumapili, 9 Mei

Wa muuza mkaa nao hawakuja.

Asubuhi nzima hakuna sauti. Nimekaa kitandani nikiisikiliza mvua tu. Nilikuwa nikizilaani sauti zile zikiniamsha, nikipiga kisigino sakafuni wanyamaze. Leo ningelilipia zirudi.

Ijumaa, 14 Mei

Mvua.

Jumamosi, 22 Mei

Talaka imekuja kutoka Maskati. Kaileta Mudrik, kampa Basma mkononi mbele ya Bi Ummkulthum, na baada ya alasiri Basma kaletwa na sanduku lake mpaka mlangoni hapa chini. Dereva hakuzima hata gari.

Nilikuwa nimesimama ngazini. Hina ilikuwa bado kwenye kucha zake. Bi Mwanamwema alifungua mlango nusu, maana hatoki, akautoa mkono akamvuta mwanawe ndani.

Sasa wamo edani wote wawili, mama eda ya kufiwa, mtoto eda ya talaka, mlango mmoja.

Jumanne, 25 Mei

Nimemfungulia Himid. Kakaa pale pale alipokaa siku ya Idi, viatu vimechanika mbele. Nilikuwa nimejiwekea maneno mengi ya kumwambia. Nilipomwona nikaona kuwa yeye kaonesha mtu mmoja kwa kujitapa, na mimi pia nimeonesha mtu mmoja kwa kujitapa, na yeye hakuwa na sheria ya kuvunja. Nikamtilia chai.

Ijumaa, 28 Mei

Nimeitoa lenzi kwenye mchele. Bati lilikuwa na kutu chini na maji yaliingia. Ndani ya kioo, kule ambako kitambaa hakifiki, umeota ukungu, nyuzi nyeupe nyembamba kama za buibui. Himid anasema yuko fundi Dar anayejua kufungua. Nimeirejesha lenzi ndani ya bati, bila ya mchele.

Jumanne, 1 Juni

Idi ya Mfunguo Tatu, ya kuchinja. Mwaka jana watoto wa chuo walijaa ngazini na nguo mpya, wanamwamkia Bi Mwanamwema na kupewa halua. Leo mlango wake haukugongwa na mtu.

Nimeupika ule mchele wa kwenye bati, wa juu usiolowa, nikashuka na sahani. Nilikuwa sijakanyaga pale tangu Aprili. Basma kafungua, kapokea sahani, kaingia nayo ndani bila ya kuniangalia. Bi Mwanamwema alikuwa amekaa kwenye mkeka wa chuo, misahafu imepangwa pembeni, ufito juu yake.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba."

Nilianza kusema niliyokuja kuyasema. Niliyasema vibaya, nikalia katikati, nikarudia. Aliniacha mpaka nikamaliza.

"Nshasikia yote," akasema. "Mie nlikwenda kwa miguu yangu, hukunibeba. Nlijiambia nimwone mara moja tu, halafu basi. Ntatubu kwa hilo mwenyewe." Akakusanya kanga mapajani. "Hebu niambie. Watu wote wa mtaa washaniona, mie peke yangu sijajiona. Nlitokaje?"

"Ulikuwa umeng'ata kanga, Bi. Unalia na unacheka."

"Mie?"

"Wallahi. Sijapata kuona uso mzuri kama ule."

Aliona haya, akatazama chini, na kwa kitambo kidogo ulipita tena usoni mwake ule uso niliouona ndani ya maji. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ili Basma asisikie:

"Na mwanangu? Alitoka vizuri siku ile?"

"Hakutoka, Bi. Lenzi ilikushika wewe. Yeye alitoka ukungu."

Alitikisa kichwa pole pole. Nje mvua ilikuwa imekatika na watu walikuwa wakipita na nguo zao za Idi, wanaamkiana, na hakuna aliyepunguza mwendo.

"Nlikuona, Bahiya," akasema. "Nlikuona na kamera yako, umeielekeza kwangu hasa. Nikaishika kanga hivi, nikangoja mwanga nijifunike."

Akanionesha jinsi alivyoishika, ncha mkononi, tayari.

"Haukuwaka. Nikasema, Bahiya kaniona. Kanistiri."